Waliouteka Mji Wakaukosa Mlima

Vitabu vya historia vinapohesabu watekaji wakubwa huanzia Ulaya: Attila, Charlemagne, Napoleon, Hitler. Wanafunzi wetu hukariri theluji ya Urusi kabla ya kujua kwamba hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, pale ambapo leo mabasi ya Dodoma na ya Iringa yanaagana baada ya kutoka Msamvu, walipita watekaji wa aina hiyohiyo. Katika muda wa miaka mia moja hivi mji huu ulishikwa na mbabe wa Kizigua mwenye bunduki za pwani, ukashikwa na kampuni ya Kijerumani, ukagombewa na majeshi mawili ya Wazungu, na mwishowe akaja bwana shamba na kamba ya kupimia. Wote waliupata mji. Mlima uliwashinda, kila mmoja kwa namna yake, na mara nyingi kilichowaangusha ni kitu walichokijenga au kukileta wenyewe.

Njia chini, koo juu

Uluguru inasimama peke yake, kama kilomita 200 kutoka pwani. Upepo wa Bahari ya Hindi ukiufikia mlima hupanda, hupoa na kumwaga mvua, ndiyo maana upande wa mashariki, Matombo na Kinole, ni kijani karibu mwaka mzima, na ndiyo maana mito ya Ruvu, Ngerengere na Mgeta inaanzia huko. Kilele cha juu kinapita mita 2,600. Msafara wa wapagazi uliotoka Bagamoyo na shehena za nguo, shanga na nyaya za shaba haukuwa na sababu ya kuukwea ukuta huo. Uliuzunguka kwa kaskazini, ukaingia bonde la Ngerengere, ukapumzika, ukanunua chakula, kisha ukajikaza kuvuka matope ya Mkata kuelekea Usagara na Ugogo. Aliyekalia bonde hilo aliweza kumdai hongo kila mpita njia.

Mlimani mambo yalikuwa mengine. Waluguru hawakutoka mahali pamoja. Ni koo nyingi zilizopanda kwa vipindi, nyingine zikikimbia vita na wakamata watumwa wa mabondeni. Mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi ni ya ukoo, na mjomba ndiye mwenye neno. Kila tawi la ukoo lilikuwa na mkubwa wake, mitambiko yake na miteremko yake. Jina lililosikika kuliko mengine lilikuwa la Kingalu wa Kinole, mwenye kuita mvua, aliyeendewa na watu wa mbali waliobeba zawadi. Lakini Kingalu hakuwa na jeshi, wala hakuwa mfalme wa Waluguru wote. Mtu aliyetaka kuiteka Uluguru angelazimika kuiteka bonde kwa bonde, mjomba kwa mjomba. Kazi ya namna hiyo haina faida, na wababe wa karne ya 19 walilijua hilo. Walibaki chini, kwenye hongo.

Mji wa Kisabengo, hadi 1872

Wa kwanza tunayemjua kwa jina ni Kisabengo. Richard Burton, aliyepita sehemu hizi mwaka 1857 akienda Ziwa Tanganyika, alizikuta tayari habari zake za ukorofi. Henry Morton Stanley alisimuliwa zaidi mwaka 1871: mtu wa ukoo duni, mwenye nguvu za mwili na ulimi mtamu, aliyejikusanyia watumwa watoro wakamfanya kiongozi wao. Alikuwa anatafutwa na Sultani wa Zanzibar. Alikimbilia bara, akaingia nchi ya Wakami, na kwa vita vya mfululizo akawanyang'anya eneo kubwa lenye rutuba kando ya Ngerengere. Wazigua wa wakati huo walikuwa wamekwisha kupata bunduki kwa biashara ya Saadani, na mbele ya mikuki na mishale bunduki chache zilitosha.

Hapo alijenga. Stanley, ambaye alikuwa mtu wa kutia chumvi lakini alikuwa na jicho, ameacha maelezo ya mji wenyewe, Simbamwene: ukuta wa kuuzunguka, minara ya mawe katika pembe nne, na malango manne, moja kwa kila upande wa dunia. Milango yake ilikuwa ya mbao nzito, iliyochorwa nakshi za Kiarabu nyembamba kiasi kwamba alidhani imetengenezwa Zanzibar au pwani, ikabebwa ubao mmoja mmoja. Aliwakadiria wakazi kuwa 3,000, labda 5,000. Kisabengo mwenyewe alikuwa ameshakufa. Uzeeni aliliacha jina lake la zamani, lililokuwa limenuka ujambazi, akajiita Simbamwene kama mji wake. Na alipokuwa anakata roho akaamuru binti yake mkubwa atawale na achukue jina hilohilo.

Stanley alimlinganisha Kisabengo na Mfalme Tewodros wa Ethiopia, ila mdogo zaidi. Alikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa mwaka 1868 alikuwapo Magdala kama mwandishi wa New York Herald, Waingereza walipomfikisha Tewodros mahali pa kujiua. Mimi ningemlinganisha na Attila. Attila naye alikuwa na ufalme uliokaa mgongoni mwa mtu mmoja, unaoishi kwa kuwadai wapita njia na majirani. Alipokufa mwaka 453, wanawe hawakumaliza hata miaka miwili kabla ya raia zao kuwageuka.

Binti alidumu zaidi ya wana wa Attila. Mwaka 1871 alikuwa bado anadai hongo yake, na wajumbe wake walikuja kambini kwa Stanley wakiwa hawana wasiwasi. Stanley alikataa: msafara wake mwingine ulikuwa umetangulia na umeshalipa, na desturi ya njia ni kwamba mwenye misafara kadhaa hutoa mara moja. Wajumbe waliondoka kwa amani. Siku chache baadaye mpishi wa Stanley alitoroka, askari waliotumwa kumtafuta wakapita mjini, na Simbamwene akawakamata akawafunga. Waliachiwa baada ya mfanyabiashara Mwarabu kumwonya kwamba mzungu yule ana bunduki nyingi. Tukio lenyewe ni dogo, ila linaonyesha mtawala anayeishi kwa heshima ya barabara: akidharauliwa na mmoja, wa pili atadharau pia.

Kilichoumaliza mji wake, hata hivyo, hakikuwa bunduki. Kisabengo, katika siku zake za fahari, alikuwa amechimbisha mfereji mkubwa ili tawi la Ngerengere lipite karibu na kuta za mji. Alijivunia sana kazi hiyo. Masika ya 1872 yalikuwa makali kupita kiasi. Aprili ile tufani iliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu kwa maelfu. Stanley alipokuwa anarudi pwani baada ya kuagana na Livingstone, alikuta ukuta wa mbele wa Simbamwene umesombwa, na nyumba kama hamsini pamoja nao. Mto ulikuwa umeingia mjini kwa njia ya mfereji uleule, kisha ukajitafutia mkondo mpya mbali kidogo. Mtawala alikuwa amekimbia. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, lakini hapa aliyechimba alikwisha kufa na aliyeingia ni mwanawe.

Vijiji vya miteremkoni navyo viliangamia katika mafuriko yale; wazee walimwambia Stanley kwamba kama vijiji mia vilipotea. Mlima haukupona. Tofauti naiona katika kilichofuata. Mluguru aliyepoteza nyumba alikuwa na ukoo, na ukoo una ardhi mahali pengine mlimani. Wafuasi wa Kisabengo walikuwa wameunganishwa na ukuta na mtu mmoja. Mtu kafa, ukuta umekwenda na maji. Mji uliobaki ulikuwa kijiji chenye jina kubwa.

Karatasi za Peters, 1884–1889

Mtekaji wa pili alikuja bila jeshi. Novemba na Desemba 1884 Carl Peters na wenzake wachache walipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakiwa na fomu za Kijerumani ambazo waliotia alama hawakuzisoma. Kwa karatasi hizo na pombe kidogo, kwa wiki chache tu, alidai kwamba nchi hizo nne zimekabidhiwa kwake na kampuni yake. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari alitoa hati ya kuzilinda. Kwenye ramani ya Berlin, Ukami, na pamoja nayo Morogoro, ilikuwa imetekwa. Wenyeji walikuwa hawajaambiwa.

Kampuni ilipojaribu kutawala kweli, Agosti 1888, kwa kupandisha bendera yake katika miji ya pwani, iliangushwa ndani ya wiki chache. Wapwani waliinuka chini ya Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani. Ilibidi dola yenyewe imtume Hermann von Wissmann, aliyekuja na askari wa kukodi: Wasudani walioandikishwa Misri na watu kutoka Msumbiji. Mei 1889 aliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo.

Abushiri alirudi nyuma, bara, na huko alifanya kosa ambalo watekaji wa Ulaya wangelitambua. Aliwaita Wambunga, ambao pwani waliitwa Mafiti, waje wapigane upande wake. Walikuja kwa maelfu, na wakala walichokikuta. Vijiji vilivyokuwa vinamficha Abushiri vikaporwa na wasaidizi wake. Oktoba 1889, huko Yombo, kikosi cha Gravenreuth, afisa wa Wissmann, kiliwapiga vibaya, na kutoka hapo Abushiri hakuwa na wa kumficha. Alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hitler alifanya jambo la namna hiyo miaka hamsini baadaye nchini Ukraine: kulikuwa na vijiji vilivyoyapokea majeshi yake kwa chumvi na mkate kwa sababu ya chuki juu ya Stalin, na baada ya mwaka mmoja wa kuporwa na kuuawa watoto wa vijiji hivyo walikuwa msituni na bunduki.

Peters naye hakufaidi. Alifukuzwa utumishi mwaka 1897 kwa unyongaji alioufanya Kilimanjaro, na kampuni ilikuwa imeshanyang'anywa utawala.

Boma na reli, 1890–1914

Kipindi cha Wajerumani hapa Morogoro hakihitaji maneno mengi. Kilifanana na kwingine. Boma lilijengwa, maakida wakateuliwa, na kuanzia 1898 kila nyumba ikatozwa kodi. Kingo, aliyekuwa mtawala wa mji, alibaki na cheo na akapungukiwa madaraka. Jina lake leo ni kata. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilifika sehemu za Uluguru, hasa upande wa kusini na mashariki, lakini havikuuwasha mlima wote. Sababu ni ileile ya koo: kila mkubwa aliamua kwa ajili ya watu wake, na wengi waliamua kungoja.

Kilichobadilisha mambo ni reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Njia ya misafara ya Bagamoyo ikafa, mkonge ukapandwa, mji ukahamia stesheni. Morogoro ikawa tena mahali pa kupitia, safari hii kwa chuma.

Nitaje pia kundi moja lililopanda mlimani bila askari, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Walifungua misheni Morogoro miaka ya 1880 wakitokea Bagamoyo, na Matombo mwaka 1897. Walijifunza Kiluguru, wakajenga shule, wakazika wafu wao hukohuko. Watu wa boma walikuja na kwenda. Misheni ya Matombo bado ipo.

Agosti 1916

Vita Kuu vilipoanza na manowari za Kiingereza kuipiga Dar es Salaam, Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee alihamishia serikali yake Morogoro. Kwa muda, mji wa Kisabengo ulikuwa makao makuu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Reli ndiyo iliyoupa heshima hiyo, na reli ndiyo iliyoleta adui: yeyote aliyetaka kulivunja koloni alilenga kuikata reli, na kuikata maana yake ni kuja Morogoro.

Aliyekuja ni Jan Smuts wa Afrika Kusini. Huyu hakuwa mgeni wa vita vya porini. Mwaka 1901 alikuwa kiongozi wa Makaburu, akiwazungusha Waingereza huko Cape na kikosi kidogo cha wapanda farasi kisichoshikika. Sasa, akiwa jenerali wa Waingereza haohao, alikuwa na jeshi kubwa: Waafrika Kusini, Wahindi, Waingereza, askari wa King's African Rifles (KAR). Mbele yake alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye hata siku alizokuwa na watu wengi zaidi hakufikisha 20,000, wengi wao askari Waafrika. Toka Machi 1916 Smuts alimsukuma: Kilimanjaro, bonde la Pangani, Handeni, milima ya Nguru, mto Wami. Kila mara alijaribu kumzunguka, na kila mara Lettow alikuwa ameshaondoka usiku.

Morogoro ilionekana kuwa ndiyo mwisho. Van Deventer, jenerali wa Smuts, aliishika Kilosa tarehe 22 Agosti, kwa hiyo reli ya magharibi ilikuwa imefungwa. Wapanda farasi wa Enslin, kamanda mwingine wa Smuts, walipelekwa haraka Mlali, kwenye ubavu wa magharibi wa mlima, na wengine wakaenda ubavu wa mashariki. Lettow angekuwa mjini, mgongo wake ukiegemea ukuta wa Uluguru, mbavu zote mbili zimezibwa. Kwenye ramani mtego ulikuwa hauna tundu.

Tundu lilikuwapo. Kutoka Morogoro kwenda kusini moja kwa moja, juu ya mlima hadi Kisaki, kulikuwa na njia ya miguu. Si barabara, ni njia ya watu wanaokwenda kwa wajomba zao, kuoana, kuzika, kuuza tumbaku. Smuts mwenyewe alikiri katika ripoti yake kwamba wakati ule hakujua kuna njia hiyo, na kwamba kuziba mbavu za mlima hakungemsaidia. Yeyote mwenye shamba pale juu angeweza kumwambia. Hakuna aliyeulizwa.

Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Smuts yaliingia Morogoro. Wajerumani wenye kupigana walikuwa wameshaondoka. Walichoweza kubeba kilikuwa kimebebwa, kwa vichwa vya wapagazi, na kisichobebeka kilichomwa, kulipuliwa au kutupwa makorongoni. Hapo namkumbuka Napoleon. Juni 1812 alivuka mto Niemen na watu zaidi ya 400,000. Septemba 14 aliingia Moscow, akaikuta karibu tupu, na usiku ikaanza kuungua. Alikaa wiki tano akimngojea mfalme wa Urusi aje kusalimu amri, kwa sababu vitabu vyake vya vita vilisema mji mkubwa ukitekwa vita vimekwisha. Mfalme hakuja. Smuts hakukaa wiki tano, lakini fikra ilikuwa ileile: mji umeshikwa, reli imeshikwa, Dar es Salaam imesalimu amri Septemba 4, kwa hiyo imebaki kuokota mabaki.

Mabaki yalikuwa Kisaki. Lettow alikuwa na akiba ya chakula huko, na watu waliopumzika. Smuts aliwaleta wanajeshi wake kwa pande zote za mlima. Upande wa mashariki, kutoka Mikese kupita Matombo, wahandisi walilazimika kuchonga barabara kwenye miamba ili magari yapite. Kamanda wake Nussey alipelekwa kwa ile njia ya juu, sasa ikiwa inajulikana, lakini akapita bila kitu chochote chenye magurudumu. Upande wa magharibi alikuja kamanda mwingine, Brits. Tarehe 7 Septemba Brits hakumngojea mwenzake, akashambulia Kisaki, akapigwa akarudi nyuma. Siku ya pili Nussey aliteremka kutoka mlimani, hana habari ya jana, akashambulia peke yake, naye akapigwa. Mlima uliokaa katikati yao uliwazuia hata kupashana habari. Lettow, mwenye watu wachache, aliwapata adui zake mmoja mmoja kwa siku mbili.

Alijua hawezi kukaa. Katikati ya Septemba alivuka Mgeta, na huko pande mbili zilitazamana hadi Januari 1917, mvua ikinyesha. Hapo ndipo jeshi la Smuts lilipoangamia bila risasi. Farasi waliumwa na mbung'o, wakafa njia nzima kutoka Handeni. Malaria na kuhara vikawamaliza wapanda farasi waliokuwa wamegeuka askari wa miguu. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari 1916 na watu 1,135. Kufikia Oktoba wenye afya ya kupigana walikuwa 116. Kati ya Oktoba na Desemba wagonjwa zaidi ya 12,000, wengi wao Waafrika Kusini weupe, walirudishwa. Wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, na hao hakuna aliyewahesabu kwa uangalifu kama huo. Theluji ya Napoleon, kwetu sisi, ilikuwa mbu na mbung'o.

Wakati huo majeshi yote mawili yalikuwa yanakula vya wenyeji. Wakutu wa Kisaki na watu wa bonde la Mgeta waliporwa mahindi yao na Wajerumani waliokuwa wanarudi nyuma, kisha na Waingereza waliokuwa wanafuata, na vijana wao wakabebeshwa mizigo na pande zote mbili. Ugogo, ambako ng'ombe na nafaka vilichukuliwa kwa namna hiyohiyo, njaa iliyofuata bado ina jina lake, Mtunya.

Smuts aliondoka Januari 1917 kwenda London, akiacha sifa kwamba vita vya Afrika Mashariki vimekwisha kwa kweli. Vilichukua karibu miaka miwili zaidi. Lettow alivuka Ruvuma Novemba 1917, akazunguka Msumbiji, akarudi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, na kuweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya. Kwenye uwanja wa vita hakuwa amekamatwa. Kilichoanguka ni Kaisari wake. Na tukimhesabu Smuts kati ya watekaji, basi anguko lake lilikuja kwa kura: mwaka 1948 chama chake kilishindwa na chama cha Malan, hata kiti chake mwenyewe cha Standerton akakipoteza.

Sultani mmoja na matuta ya lazima, 1926–1955

Waingereza walipoirithi Tanganyika walitaka kutawala kwa kutumia machifu. Uluguru iliwatatiza tangu mwanzo. Walitafuta chifu wa Waluguru wakakuta wakubwa wa koo kila bonde. Baada ya kujaribu mipango kadhaa waliiweka Uluguru yote chini ya sultani mmoja. Miaka ya 1950 alikuwa Sabu bin Sabu. Kwenye karatasi ilipendeza. Mlimani, amri ya sultani ilisikika pale tu ilipokubaliwa na wajomba wenye ardhi, na wale wa Kingalu huko mashariki walikuwa na heshima ambayo boma halikuitoa na halikuweza kuifuta.

Kisha wakaamua kuuteka mlima wenyewe. Wataalamu waliona miteremko inalimwa hadi juu, udongo unateremka na mvua, mito inajaa matope. Hawakukosea kuona. Mapema miaka ya 1950 ukaanzishwa mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi ya Uluguru: kila kaya ichimbe matuta ya ngazi, nyasi zisichomwe, na asiyetii apelekwe barazani na kutozwa faini. Mabwana shamba walipanda na kamba zao, wakapima, wakaondoka.

Matuta hayo yalikuwa na kasoro mbili, na zote zingejulikana kwa kuuliza. Udongo mzuri wa Uluguru ya mashariki ni tabaka jembamba. Ukiuchimba mteremko mkali ili upate ngazi, unafukia rutuba na kuinua udongo mwekundu usiozaa, kwa hiyo mwaka wa kwanza mahindi yanapungua badala ya kuongezeka. Ya pili ni ardhi yenyewe. Mtu mara nyingi alilima shamba la ukoo usio wake, kwa kukubaliwa. Akichimba ngazi kwa jasho lake, anamchimbia mwingine. Au mwenye ardhi anaanza kushuku kwamba mgeni anajimilikisha. Amri moja kwa mlima mzima ilikuwa inagonga makubaliano mamia yaliyofanywa mlango kwa mlango.

Watu walipinga kwanza kwa uvivu wa makusudi, halafu kwa midomo, halafu wazi. TANU ilikuwa imezaliwa Julai 1954, na mmoja wa waliokuwapo siku ile Dar es Salaam alikuwa Patrick Kunambi wa Uluguru, ambaye alikuwa ndani ya utawala wa kichifu na ndani ya siasa mpya kwa wakati mmoja. Julai 1955, upande wa Matombo, mkutano na wakubwa wa serikali uligeuka ghasia. Mawe yalirushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Serikali ilileta polisi zaidi, ikaushika mji na barabara kama walivyofanya waliotangulia, na ndani ya muda mfupi ikauacha mpango. Matuta ya lazima yaliachwa yabomoke. Sultani Sabu, aliyetumwa kuyatetea, alibaki na cheo kisicho na watu, na mwaka 1963 serikali huru ilipofuta mamlaka ya machifu nchi nzima, Uluguru haikuwa na mengi ya kupoteza. Cheo cha Kingalu, ambacho hakikuandikwa kwenye sheria yoyote, kinaendelea kurithiwa Kinole.

Upande wa pili wa mlima, Mgeta, kuna jambo linaloharibu hadithi nzuri ya mlima uliokataa kila kitu. Huko matuta ya ngazi yapo hadi leo, yamepangwa mteremko mzima, yanamwagiliwa maji ya mifereji midogo. Hali ya hewa ni baridi, kabichi, karoti na njegere zinastawi, na soko la Morogoro na Dar es Salaam linalipa. Mkulima wa Mgeta aliona kwamba bustani ya mboga inarudisha gharama ya kuchimba, akachimba, na anaendelea kuyatengeneza kila msimu bila bwana shamba wala faini. Alfajiri malori yaliyojaa magunia na matenga hushuka kutoka Nyandira kwa barabara ya kona nyingi hadi Mlali, palepale ambapo farasi wa Enslin walifika Agosti 1916 wakidhani wameziba njia.